Mikeka ya Josline Bado Imetandikwa

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Gumbo, Hai Mauna, Jebel, na wewe dereva unayengoja kuvuka daraja, punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hamjapata kumsikia redioni. Hakuwa mheshimiwa. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa muuza matoke. Jina lake Josline Kisakye, Mganda kutoka kijiji kimoja nje ya Masaka, mkazi wa Gumbo hapa Juba kwa miaka kumi na saba. Alifariki Jumatano ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Mimi ni Pitia, na nitasema mapema kwamba kumbukumbu hii imeninyima raha. Kwa kawaida familia ya marehemu huja hapa studio. Tunakaa, tunakunywa chai, wanalia kidogo, wanacheka kidogo, nami naandika. Safari hii aliyekuja si ndugu. Alikuja mama mmoja Mbari, kabila la wenyeji wa hapa Juba, jina lake Suzan, jirani wa marehemu. Alivua viatu mlangoni, akakaa, akasema ana shida na hajui ampelekee nani. Shida yenyewe nitawaeleza. Kwanza mjueni Josline.

Josline alifika Juba mwaka elfu mbili na nane, ameketi mbele kwenye lori la matoke, kati ya dereva na utingo. Ndoa ilikuwa imemshinda. Mtoto wake wa pekee alimzika akiwa hajatimiza miaka mitatu. Alirudi kwa baba yake, akakuta mwanamke aliyeachika hana pa kuweka hata sufuria. Alikuwa na kaka mmoja tu, Fred Lubega, fundi wa baiskeli. Fred ananiambia siku dada yake anaondoka alimuuliza swali moja: huko unakokwenda una watu? Josline akamjibu, "Nina Mungu." Akapanda lori.

Alipanga chumba Gumbo, upande ule wa barabara ya Nimule. Asubuhi alishusha mikungu kutoka kwenye malori, mchana akauza, jioni akapika. Na hapo kwenye kupika ndipo upweke ulipomkamata. Kwao alizoea kupika kwa nyumba ya watu tisa, matoke yamefungwa kwenye majani, watu wamekaa chini pamoja, mkono kwa mkono. Hapa alikuwa peke yake. Ila mikono yake haikujifunza kupika kidogo. Kila jioni alikuwa na chakula cha watu tisa na mdomo mmoja. Suzan anakumbuka kumwona kupitia uwazi wa ua, amekaa chini, amefungua majani, anatazama tu ule mvuke.

Wahenga walitupa methali mbili zinazogombana. Moja inasema mwacha mila ni mtumwa. Nyingine inasema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Mhamiaji anabebeshwa zote mbili kwa wakati mmoja, kisha anaambiwa atembee vizuri. Josline alijaribu. Alijifunza Kiarabu cha Juba cha sokoni, akajifunza kusema malesh akiomba radhi na kalas akifunga bei, akajifunza kunywa chai ya tangawizi na karafuu. Alivunja jicho hapa na pale. Lakini kuna kitu kimoja alikataa kukivunja. Nacho ni msiba.

Kwao Masaka, mtu akifa kijijini, jembe linawekwa chini mpaka azikwe. Unakwenda. Hutoi salamu za habari za asubuhi, kwa sababu habari zote zimekwisha kujulikana. Mwanamke hufunga kitambaa kiunoni, hukaa chini ndani ya nyumba karibu na mfiwa, hunyamaza, na hulala hapo hapo mpaka mambo yaishe. Mama yake Josline alimfundisha hivi akiwa mdogo: usiyekaa kwenye msiba wake, hatakaa kwenye wako. Haikuwa methali. Ilikuwa onyo, kama kumwambia mtoto asishike moto.

Basi mwaka wa pili wa Josline hapa Juba, akafa mtu nyumba ya nne kutoka kwake. Marehemu aliitwa Jubek. Ndiye aliyekuwa mume wa Suzan. Josline alimjua Jubek kwa kumuuzia matoke mara mbili, labda tatu. Hawakuwahi kuongea lolote zaidi ya hapo.

Ninyi mnajua bika yetu, mkao wetu wa msiba, ilivyo. Hema nje, viti vya plastiki, wanaume na karata zao, chai haikauki. Ndani, kwenye mikeka, hukaa mjane na wanawake wa damu ya marehemu. Jirani hukaa nje. Sasa Josline, Mganda, hajui haya. Amesikia kilio, amefunga duka, amefunga kitambaa kiunoni, amebeba mkeka wake kwapani. Akapita hema. Akapita viti. Akaingia ndani, akatandika mkeka bega kwa bega na mjane, akainamisha kichwa, akalia. Akalala hapo. Siku ya pili yupo. Siku ya tatu yupo. Hasemi neno na mtu.

Wasikilizaji wapendwa, mnaona tunakokwenda. Mwanamke mgeni, si mbaya wa sura, hakuna anayemjua, siku tatu anamlilia mume wa mtu kwa machozi ya kweli. Wanawake walianza kunong'ona. Mjomba mmoja alikuwa ameshaanza kuulizia kama ana watoto. Na Suzan, mjane wa watu, ambaye alikuwa na huzuni ya kumtosha, sasa akawa na huzuni mbili.

Siku ya tatu ndiyo siku ya kukunja mikeka. Hapa kwetu, wenye msiba ndio husema neno la kufunga, na neno likishasemwa, mikeka inakunjwa na watu wanarudi makwao. Kabla neno halijasemwa, Suzan akamgeukia yule mgeni. Suzan hakuwahi kuishi Uganda, Kiswahili alikiokota sokoni, lakini siku ile kilimtosha.

"Wewe dada, sema ukweli hapa mbele ya watu. Wewe iko nani kwa Jubek?"

Josline akainua kichwa. Alikuwa hajaelewa kabisa kwamba kuna kesi.

"Mimi iko jirani," akasema.

"Jirani gani analia siku tatu?"

"Jirani wa nyumba ya nne."

Kisha dada wa marehemu, anaitwa Annet, mama aliyekulia ukimbizini Uganda, akaangua kicheko pale pale kwenye msiba wa kaka yake. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka hemani kwamba huyu si mke, Waganda ndivyo wanavyolia, hata kwa mtu wasiyemjua. Wengine wakacheka. Wengine wakaona aibu. Josline alipotafsiriwa alichokuwa anashukiwa, alichukua mkeka wake, akapiga magoti kumuaga Suzan, akarudi nyumbani kwake akajifungia. Suzan ameniambia mwenyewe, bila kujitetea: "Mimi nilitaka kumpiga. Mungu anisamehe."

Alifungua duka siku ya pili yake, lakini kwa wiki nzima hakuinua uso. Watu walimwita mke wa Jubek. Kwa utani, ndiyo, lakini utani wa wengi kwa mtu mmoja asiye na ndugu wa kumtetea ni mzigo.

Bika nayo ilikuwa imeisha, kama zinavyoisha zote. Ndugu wakarudi Jebel, wakarudi vijijini. Hema likafunguliwa. Suzan akabaki na nyumba tupu na watoto wawili waliochoka kulia. Hakuna aliyekuja tena. Siku ya kumi, au ya kumi na moja, Suzan hana hakika, mchana, aliona mtu amesimama kwenye uwazi wa ua. Josline. Ana sufuria. Ana mkeka. Safari hii aliuliza kwanza kama anaruhusiwa kuingia. Suzan akahama kidogo pale alipokuwa ameketi, akampa nafasi. Wakala. Hawakuongea sana, maana lugha yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Kesho yake akaja tena. Akaja hivyo kwa miaka kumi na mitano.

Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Josline Kisakye, muuza matoke wa Gumbo, aliyefariki Jumatano ya wiki iliyopita.

Kuanzia siku ile hakukuwa na bika Gumbo isiyomwona. Mbari, Mnuer, Mdinka, Mkuku, Mkenya wa gereji, mtoto mchanga, mzee asiyejulikana ametoka wapi. Alijifunza sasa kukaa nje kama jirani. Lakini kitambaa kiunoni hakukiacha, na salamu za habari za asubuhi hakuzitoa. Watu wakazoea. Wengine wakaanza kumfuata. Suzan anasema siku hizi wanawake wa mtaa ule, wakisikia kilio, hufunga viuno kabla ya kutoka. Wengi hawajui walimwiga nani.

Msidhani hayo yalimwondolea upweke. Mimi nilikulia ukimbizini. Kule niliitwa Msudani, niliporudi hapa nikaitwa Mganda. Najua mtu anaweza kuwa na majirani mia na bado akawa hana anayemwita kwa jina lake lote. Gumbo nzima ilimwita Josline, au Mama Matoke. Kisakye, jina alilopewa na baba yake, lilikaa miaka kumi na saba halijatamkwa na mtu upande huu wa mpaka.

Mwaka elfu mbili na kumi na sita, risasi zilipolia mjini, Waganda wengi waliondoka, naye akaondoka. Alikaa kwa Fred wiki tano. Fred anakumbuka kwamba katika wiki hizo alikufa mtu kijijini, na dada yake akafunga kitambaa akaenda. Akarudi mapema. Hakuna aliyemtambua. Kizazi kimekua hakimjui. Mwanamke mmoja alimuuliza, kwa adabu kabisa, kama yeye ni mgeni wa nani. Wiki iliyofuata Josline alipanda lori akarudi Gumbo, na sababu aliyompa kaka yake ilikuwa biashara.

Ana kosa moja, Josline, na tusimsifu marehemu mpaka tumfiche. Hakumwambia Fred habari za Suzan. Hata mara moja. Miaka yote Fred akipiga simu na kuuliza una watu huko, jibu lilikuwa lile lile, nina Mungu, na biashara iko sawa. Suzan alimuuliza siku moja kwa nini. Josline akamwambia kwamba kwao mtu huzikwa kwenye kiwanja cha ukoo, pamoja na mababu zake. Wakisikia amepata watu kwingine, watahesabu ameolewa na nchi nyingine, na nafasi yake pale kiwanjani wataisahau. Akanyamaza kwa ajili ya kaburi. Kisha akamuuliza Suzan swali lililokuwa likimla muda wote.

"Mimi nikikufa hapa, nani atakaa chini kwa ajili yangu?"

Suzan alicheka, akamwambia wewe hufi leo. Anasema Josline alingoja kidogo, kama anayetaka jibu lenyewe, halafu akaendelea kumenya matoke. Suzan alinieleza hili akiwa ameshika vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Alisema angekuwa na siku moja ya kurudishiwa, angechukua ile, na asingecheka.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Jumanne ya wiki iliyopita, mchana, Josline alianguka dukani. Wafanyabiashara wenzake walimpeleka hospitali, ng'ambo ya daraja. Jumatano asubuhi akafariki. Suzan hakuwapo, alikuwa Jebel, kwa binti yake aliyejifungua, na simu yake ilikuwa imezimika. Mfanyabiashara mmoja alitafuta kwenye simu ya marehemu, akapata namba ya kaka, akampigia. Fred aliazima gari la mizigo, akaendesha usiku kucha, akafika Juba Alhamisi asubuhi. Hakumjua mtu yeyote hapa. Aliambiwa na dada yake kwa miaka kumi na saba kwamba hakuna mtu. Mila yao inasema mwili usicheleweshwe, mtu wenu alale kwenu. Akachukua jeneza moja kwa moja kutoka chumba cha maiti, akafunga kamba, akageuza gari.

Majirani wa Gumbo nao walikuwa na mila yao. Kwetu mwili huletwa nyumbani kwanza. Kwa hiyo Alhamisi ile walifanya linalopasa. Walitandika mikeka mbele ya chumba chake, walipata hema, waliweka maji ya chai jikoni. Wanawake walifunga viuno. Wakaketi kumngoja aje.

Na barabara ya kwenda Nimule, wasikilizaji wapendwa, inapita Gumbo. Haina njia nyingine. Gari la Fred lilivuka daraja, likaingia Gumbo saa nne asubuhi, likapita karibu na mlango wa Josline. Wanaume waliokuwa wanashindilia nguzo za hema walisogea pembeni kuipisha pikapu yenye mzigo uliofunikwa turubai. Mmoja wao aliniambia hata alimpungia dereva mkono apite. Fred naye anakumbuka. Aliona hema, akaona watu wengi wamekaa chini. Alifikiri moyoni, huyu aliyefiwa hapa ana watu. Akaendelea na safari.

Josline Kisakye alizikwa Ijumaa, kwenye kiwanja cha ukoo wake, karibu na baba yake, kando ya mtoto wake. Nafasi hawakuisahau. Fred alihesabu waliokuja. Kumi na mmoja, pamoja na wachimba kaburi na katekista. Alasiri walikuwa wameondoka. Msiba aliokaa yeye, miaka yote ile, ulikuwa huku. Kule, tangu ahame, hakuwa amekaa msiba wa mtu.

Na Gumbo walipopata habari kwamba mwili umekwishapita, hawakuondoka. Suzan alirudi Jumamosi akawakuta. Akafunga kitambaa, akaketi. Siku ya tatu ikafika, ya kukunja mikeka. Wakatazamana. Wenye msiba ndio husema neno. Nani mwenye msiba hapa? Mbari si ndugu yake, Mnuer si ndugu yake. Annet akasema Suzan aseme. Suzan akakataa. Akasema yeye ndiye aliyemuuliza yule mama mbele ya watu kwamba ni nani, hana uso wa kujifanya ndugu leo. Siku ya nne ikapita. Ya tano. Watu wana kazi zao, wanapokezana, lakini mkeka hauachwi mtupu. Jumanne, Suzan akapanda bodaboda akaja hapa studio. Hiyo ndiyo shida yake: nimtafutie mtu wa damu ya Josline, aseme neno, watu wapumzike.

Namba ya Fred tulipewa na yule mfanyabiashara. Nilimpigia jana, Suzan amekaa mbele yangu. Nilimweleza Fred yote, polepole, kuanzia msiba wa Jubek. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye lile hema la Alhamisi, nilisikia ameweka simu chini. Nikadhani amekata. Alikuwa hajakata.

"Mzee," aliniambia, "mimi nilidhani nakwenda kumtoa kwenye upweke."

Suzan alichukua simu mkononi mwangu. Akamwambia pole, akamwambia hapa hakuna lawama, akamwomba aseme tu neno ili mikeka ikunjwe. Fred akamuuliza wapo wangapi. Suzan akasema leo mchana walikuwa kama sitini. Fred akasema:

"Msikunje. Mimi sijakaa na mtu tangu nimzike. Nakuja."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa Fred Lubega na ukoo wake wote kule Masaka. Natoa pole kwa Suzan, kwa Annet, na kwa wakazi wa Gumbo, na safari hii siwapi pole kama majirani. Mungu amlaze Josline Kisakye mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, uliyetoka mbali, unayepigiwa simu na nyumbani ukasema niko sawa, fikiri. Kuna mtu hapa anakufaa, na ndugu zako hawajui hata jina lake. Mtaje. Mpe yeye namba yao, wape wao namba yake. Mila zetu zote ni nzuri, ila haziwezi kukutana barabarani zikatambuana kama sisi wenyewe hatukuzitambulisha.

Fred anafika kesho, Ijumaa, mchana, kwa gari la abiria kutoka Nimule. Atakuwa amevaa shati la bluu, ni mrefu, mguu mmoja anauburuta kidogo. Yeye hamjui mtu yeyote Gumbo. Ukimwona mgeni wa namna hiyo anauliza njia, usimwelekeze kwa kidole. Mshike mkono, umpeleke.